PS2 ya mkononi: ina matundu mangapi ya pedi?

Kuna kibanda cha gemu Chikongola, hapa Mtwara mjini, ambacho kimekula miambili zangu tangu nikiwa sekondari. Mashine yake ya kwanza, PS2 (PlayStation 2 ya Sony) ile nene, ilimalizia maisha ikiwa imelazwa kifudifudi, maana lenzi ilishachoka na mwenye kibanda aligundua kwamba akiigeuza inakubali kusoma CD. Ya sasa ni ile nyembamba. Lenzi yake nayo imekufa, ila haijali: inawaka kwa memori kadi iliyochezewa na fundi, kisha inavuta gemu kwenye flashi iliyochomekwa kwa mbele. Tundu la USB la PS2 ni la kizamani, kwa hiyo video za mwanzo zinakwamakwama, lakini mpira ukianza mambo ni shwari. Waya wa adapta umezungushiwa solteipu nyeusi sehemu tatu.

Mbele ya mashine hiyo, kijana aliyekuwa akisubiri zamu alinionyesha kwenye simu yake picha ya PS2 ya mkononi. Nyeusi, maandishi ya buluu, kioo kipana katikati, batani huku na huku. Ni kazi ya shabiki aliyekaa na kompyuta yake akachora anachokitamani. Si bidhaa ya Sony. Kijana alikuwa anajua hilo, na bado alishaanza kupiga hesabu ya bei. Mwenye kibanda akaomba simu, akaiangalia picha, akaigeuza kama vile angeona na upande wa nyuma, halafu akauliza, "Njomba, hii ina matundu mangapi ya pedi?" Yaani pa kuchomeka vile vidhibiti vya kuchezea vinavyoshikwa mkononi.

Tulicheka. Lakini kila nilipokaa kufikiria kama hamu hii ya mashabiki, ya kutaka Sony watengeneze PS2 ya mkononi, ina maana au ni ndoto ya mchana, nilijikuta narudi kwenye swali lake.

Wenye hamu si watu wa kubezwa, tuanze nao. PS2 ilianza kuuzwa Japani Machi 2000, ikaendelea kutengenezwa mpaka kuingia mwaka 2013, na Sony yenyewe inasema ziliuzwa zaidi ya milioni 160. Hata ilipokuwa imeshapitwa na PS3, watengenezaji wa gemu za mpira hawakuiacha. PES 2014 na FIFA 14 zilitoka zikiwa na toleo la PS2. Huku kwetu ndiyo kabisa. Ukimwambia kijana wa Newala au Ruangwa "PlayStation" bila namba, kinachomjia kichwani ni PS2, televisheni ya kichogo, benchi la mbao na mtu mmoja amesimama mlangoni anakusanya hela. Mashine iliyoenea hivyo haihitaji matangazo.

Na si kwamba Sony wameisahau. Desemba 2015 walianza kuuza gemu za PS2 zichezwe kwenye PS4, San Andreas ikiwemo. Mwaka 2024 wakarudia kwa PS5. Maana yake programu ya kuigiza PS2 wanayo, imeshaandikwa, inafanya kazi. Mwishoni mwa mwaka huohuo Bloomberg waliripoti kwamba kampuni hiyo inafanyia kazi mashine ya mkononi ya kucheza gemu za PS5. Ukiziweka taarifa hizi mbili pamoja, huhitaji kuwa mganga kuona kwa nini mashabiki wanapata joto.

Wanajua pia kwamba kelele zao huwa zinasikika. Machi 2021 Sony walitangaza kufunga maduka ya mtandaoni ya PS3 na ya mashine zao za mkononi, PSP na Vita. Mashabiki wakawaka. Haukuisha mwezi kabla mkubwa wa PlayStation wa wakati huo, Jim Ryan, hajakiri kwamba uamuzi haukuwa sahihi, na maduka ya PS3 na Vita yakabaki wazi. Duka la PSP lilifungwa Julai. Kwa hiyo kelele zilisaidia nusu, na nusu si haba.

Sababu hizo angeweza kuzitoa mtu wa Tokyo au wa Manchester. Ya kwetu ni umeme.

Mkoa huu una gesi. Inachimbwa Mnazi Bay, inasafishwa Madimba, inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam, kama kilomita 500 hivi. Na bado ukikaa kibandani jioni unajifunza kucheza sikio likiwa nje, kwa sababu taa za dukani jirani zikififia unajua kinachofuata. Pale Chikongola ipo sheria isiyoandikwa: umeme ukikatika kabla ya mapumziko, hela inarudi, baada ya mapumziko, anayeongoza kashinda, ikiwa sare, kila mtu ashike njia yake. Nimeona watu wazima wakikaribia kukunjana kwa sababu ya dakika ya 44, mmoja akishikilia kwamba mwamuzi alishapuliza, na mashahidi wote wako gizani. Gemu yenye betri yake na kioo chake ingemaliza ugomvi huo. Ungeendelea kucheza, au ungeizima kidogo na kuiwasha kesho mpira ukiwa palepale ulipouacha. Kwa mtu mwenye umeme usiokatika hiyo ni starehe tu ya kwenye basi. Kwetu ndiyo tofauti ya kumaliza mechi na kutoimaliza.

Kuna na chumvi. Anayekaa Shangani au Mikindani anajua upepo wa bahari unavyofanya kwenye bati. Ndani ya PS2 kazi ni ileile, ila polepole zaidi. Skrubu zinashika kutu, batani za kuwashia zinakufa ganzi, feni inanguruma. Mashine changa kabisa kati ya hizi sasa ina zaidi ya miaka kumi. Fundi wa Soko Kuu anayenitengenezea pedi ana ndoo ya PS2 zilizokufa, anazichuna vipuri kama mtu anayechuna kuku. Ndoo hiyo inajaa, mashine mpya hazitengenezwi. Anayesema "PS2 bado zipo, ya mkononi ya nini" nadhani hajaiona ndoo.

Upande wa pili nao una maneno yake, na la kwanza kulisikia utalisikia nyumbani kwako mwenyewe: gemu ya mkononi mbona tunayo? Mpwa wangu, yuko kidato cha pili, ana simu ya Tecno ya bei ya kawaida. Ndani kaweka PPSSPP, programu inayoigiza PSP, na PES ambayo vijana wa mtandaoni wameivisha Simba, Yanga na jezi za msimu. Akaniletea kwa majivuno: "Mjomba, si hii hii mnayoililia?"

Nikaichukua. Kwa macho, ndiyo hiyo. Kwa vidole, hapana. Batani zimechorwa juu ya kioo, kwa hiyo dole gumba la kulia linafunika goli ninalotaka kulipiga, na la kushoto linateleza kila ninapotaka kugeuka kwa kasi. Nilifungwa 4-0 na mtoto ambaye sijawahi kumpa nafasi kwenye pedi. Naandika hili kama mchambuzi asiye na kinyongo.

Halafu PPSSPP ni PSP, si PS2, na watu wengi huzichanganya. PSP ilitoka Desemba 2004 ikiwa na kioo cha inchi 4.3, na gemu zake zilitengenezwa kwa kupunguzwa ili zienee humo. PS2 yenyewe ni kazi ngumu zaidi kuiigiza, na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. PS2 ina memori ya megabaiti 32. Simu ya gigabaiti 4 inaizidi mara 128. Kwa nini basi simu inahema? Kwa sababu simu haiendeshi gemu moja kwa moja, inatafsiri. Ndani ya PS2 mlikuwa na prosesa kuu na wasaidizi wake wawili wa hesabu, wote wanafanya kazi kwa wakati mmoja kwa lugha ambayo chipu ya simu haiijui, na kando yao chipu ya picha yenye kasi yake ya ajabu. Simu inakuwa kama mkalimani aliyewekwa katikati ya watu watatu wanaoongea kwa pamoja, na haruhusiwi kuchelewa hata kidogo. Akichelewa, mpira unakwenda kama wachezaji wamezama kwenye tope.

Emuleta, yaani programu ya kuigiza mashine nyingine, iliyofanikisha jambo hilo kwenye Android iliitwa AetherSX2, ikatoka Desemba 2021. Aliyeiandika alishauri simu iwe na chipu ya kiwango cha Snapdragon 845 kwenda juu, ambayo si simu ya mpwa wangu. Alikuwa mtu mmoja, anaigawa bure. Januari 2023 akaacha, akisema amechoka na matusi na vitisho vya watumiaji. Wengine wanaendelea kuchomekea viraka toleo lake la zamani. Kwa hiyo anayesema simu inatosha anaegemea kazi ya kujitolea ya watu ambao kesho wanaweza kuamka wamechoka. Sikatai kwamba inatosha kwa leo. Nasema tu imeegemea wapi.

Kuna pia mashine za mkononi za Wachina, akina Anbernic na Retroid, zinazoingia nchini kwenye mizigo ya Kariakoo. Za bei ya chini zinacheza PS1 bila jasho. PS2 zinaionja tu. Zinazoiweza kweli, kama Retroid Pocket 5 ya mwaka 2024, huko zinakotoka ni takriban dola 200. Chukua dola kwa shilingi 2,500 hivi: nusu milioni kabla ya usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18. Kwa shilingi 200 za mechi ya zamani pale Chikongola, nusu milioni ni mechi 2,500. Sijui kama nimecheza mechi 2,500 maishani, na mama yangu angesema nimezidisha.

Sasa turudi kwenye matundu ya pedi.

Wazo la kuchukua mashine ya nyumbani na kuiingiza mfukoni si geni, na historia yake inatosha kumpoza mtu. Mwaka 1990 NEC walitoa toleo la mkononi la PC Engine yao, linalotumia kadi zilezile za gemu za mashine kubwa. Mwaka 1995 Sega wakafanya vivyo hivyo Marekani kwa Nomad, iliyokula kaseti zilezile za Genesis. Zote zilikuwa ghali, zote zilitumia betri sita ndogo, zile za saa ya ukutani, na betri zenyewe zilikuwa zinakata roho baada ya saa mbili au tatu. Hakuna iliyotamba. Lakini Nomad ilikuwa na kitu ambacho mwenye kibanda wangu angekiona kabla ya kingine chochote: tundu la pedi ya pili. Waliounda mashine ile walikumbuka kwamba walichokuwa wanakibeba mfukoni ni cha watu wawili.

Baada ya hapo Sony wakaenda njia nyingine. PSP iliuzwa zaidi ya milioni 70, si mchezo, na ilikuwa inaruhusu watu wawili kupambana bila waya, ila kila mmoja awe na mashine yake. Vita ya mwaka 2011 ilikuwa na kioo kizuri kupita umri wake, ikaja na memori kadi za aina yake peke yake, za bei ya kukomoa, na soko likaipa mgongo. Tangu 2023 kuna Portal, yenye kioo cha inchi 8, lakini hiyo ilizaliwa kuwa dirisha la kuonyesha gemu zinazoendeshwa na PS5 iliyoko nyumbani kwako; bila intaneti ya kueleweka ni pambo. Katika zote hizo mkono umefikiriwa kuwa wa mtu mmoja, amekaa peke yake, labda kwenye treni.

PS2 ya kwetu haikuwa hivyo hata siku moja. Ilikuwa ni benchi. Anayefungwa anapisha, mshindi anabaki, na nyuma yenu kuna watu sita wasiocheza wanaokufundisha kazi kwa sauti. Wengi wetu hatujawahi kumiliki PS2. Tuliikodi dakika kumi kumi. Ukimtoa mtu kwenye benchi lile ukampa kioo cha inchi 5 akakae nacho chumbani, umempa gemu zilezile, sawa, ila sina hakika kama ndicho alichokuwa anakililia.

Hapa shabiki atanijibu kwa Nintendo Switch, na atakuwa amenishika pabaya. Ilitoka Machi 2017, inabebeka, unaweza kuisimamisha mezani ukazichomoa pedi mbili ubavuni, moja yako moja ya mwenzako, ukitaka unaipeleka kwenye televisheni. Imeuzwa zaidi ya milioni 150. Kwa hiyo kifaa cha mkononi chenye benchi ndani yake kinawezekana, na kinauzika. Sony wangetengeneza PS2 ya namna hiyo, hoja yangu ingepungua uzito sana. Ninachotilia shaka ni nini kingekuwemo ndani.

Tumeshaonjeshwa. Desemba 2018 Sony walitoa PlayStation Classic, PS1 ndogo ya kuchomeka kwenye televisheni, dola 100 kasoro senti. Boksini pedi mbili, safi. Lakini zilikuwa pedi za kale zisizo na vijiti vya kuongozea, na gemu 20 zilizochaguliwa na wao, huwezi kuongeza. Kati ya hizo 20, mpira wa miguu haukuwemo hata mmoja. Hata mwezi haujaisha, maduka Marekani yakaishusha hadi dola 60. Na emuleta waliyoiweka ndani ilikuwa PCSX ReARMed, programu huria ya mashabiki walewale ambao kampuni hizi huwakodolea macho.

Kukosekana kwa mpira hakukuwa bahati mbaya, na PS2 ya mkononi ingekutana na ukuta huohuo ulio mrefu zaidi. Gemu ya mpira ni mzigo wa vibali: majina ya wachezaji, jezi, nembo, viwanja, nyimbo za menyu. Vibali hivyo hununuliwa kwa muda. Hata enzi zile Konami, wenye PES, hawakuwa navyo vyote. Ndiyo maana kwenye PES 6 Chelsea waliitwa London FC na Liverpool wakaitwa Merseyside Red, na sisi tulikuwa tunajua tu. Kuirudisha sokoni PES 6 yenye Adriano wa Inter anayepiga mabomu kutoka katikati ya uwanja, mtu angelazimika kuanza kuomba vibali upya kwa klabu na wachezaji ambao wengine wameshastaafu. Ni kazi ya mawakili, si ya mafundi. San Andreas yenyewe, gemu iliyouzwa kuliko zote kwenye PS2, mwaka 2014 ilipunguziwa nyimbo kadhaa za redio kwenye toleo la kompyuta, kwa kuwa muda wa vibali ulikwisha.

Na PES tunayoicheza sisi si ya Konami tena. Kwenye flashi ya Chikongola kuna ligi ya Tanzania iliyopachikwa na watu ambao hawajawahi kumuomba mtu ruhusa. Namungo wamo. Ndanda FC walishuka daraja mwaka 2020, wanangu wa Mtwara kuchele, lakini kwenye flashi ile bado wako Ligi Kuu na juzi walimfunga Azam 3-1, mimi nikiwa na pedi. Hakuna boksi lenye nembo ya Sony litakalokuja na Ndanda ndani. Toleo rasmi, kwa maana ya neno hilo, ni toleo lililotolewa kila kitu ambacho sisi tulikiongeza.

Ndiyo, najua wanaonisoma wataniambia hizo ni za wizi. Tuseme ukweli kwa ukali wake. CD zetu zilikuwa za kuchoma, mashine zetu zilikuwa mitumba yenye chipu ya kuzikubali CD hizo, na katika zile milioni 160 hata shilingi yetu haikufika Japani. Ukiwa meneja wa Sony, kwa nini uwasikilize watu ambao hawakuwahi kukununulia kitu? Ni hoja nzito na sitaikwepa kwa kusema tulikuwa maskini. Baadhi yetu sasa tuna kazi. Msimu wa korosho ukikaa vizuri, kuanzia Oktoba, utaona vijana wa Tandahimba wakinunua simu na pikipiki mpya kwa pesa taslimu. Hela ya gemu ingepatikana. Swali ni wapi ungeilipa.

Maana duka la PlayStation la mtandaoni halijafunguliwa kwa Tanzania. Anayetaka akaunti hapa anajiandikisha kama mkazi wa Marekani au Uingereza, anatunga anuani, ananunua kadi ya salio kwa mtu wa kati, na anaomba Mungu wasimfungie. Mei 2024 dunia nzima ilipata kuonja kidogo, pale wachezaji wa Helldivers 2, gemu ya Sony, kwenye kompyuta walipoambiwa wajiunge na akaunti ya PlayStation, na gemu ikaondolewa sokoni kwenye nchi zaidi ya 170 ambazo huduma hiyo haimo, nyingi za Afrika zikiwemo. Makelele yakawa makubwa, sharti likafutwa ndani ya siku chache. Lakini ramani ilibaki ileile. PS2 ya mkononi ya leo, kwa vyovyote itakavyotoka, gemu zake zingeuzwa kupitia duka hilo. Ungekuwa na kifaa halali, hela halali, na anuani ya uongo.

Ndiyo maana, nikiwekewa mizani mbele yangu, nakubaliana na mashabiki kuhusu ugonjwa na napishana nao kuhusu dawa. Mashine zinakufa, hilo kweli. Simu za bei yetu haziiwezi PS2, kweli. Betri ingetuokoa na giza, kweli tupu. Lakini nikiambiwa nichague jambo moja la kuwapigia kelele Sony, sitachagua kifaa. Nitachagua duka linalomkubali mteja wa Mtwara kwa jina lake na laini yake ya simu, liuze zile gemu za zamani ambazo vibali vyake havina utata, zichezwe kwenye simu na kompyuta tulizo nazo. Emuleta wanayo. Pedi za Bluetooth ziko sokoni na zinashika kwenye simu ya mpwa wangu. Nilimnunulia moja, na marudiano niliyashinda 2-1. Kifaa kipya cha dola mia mbili au tatu kingewafikia wachache wa Dar es Salaam, kisha kingetufikia sisi mwaka wa nne kikiwa mtumba, lenzi haipo lakini betri imevimba.

Kama watakitoa hata hivyo, basi nasimama na mwenye kibanda. Matundu mawili, au pedi ya pili ndani ya boksi. Waya wa televisheni. Nafasi ya kadi ambayo mtu anaruhusiwa kuweka chake. Na kifunguke kwa skrubu za kawaida, fundi wa Soko Kuu asije akalazimika kukipasua.

Nilimpelekea jibu hilo wiki iliyopita, nikamweleza habari za Nomad na tundu lake la pili. Alifurahi kusikia kwamba mtu aliwahi kufikiria hivyo, akauliza kama Nomad ina PES. Nikamwambia ni ya mwaka 1995. Akasema basi haina shida, akarudi kwenye simu yake kumalizana na mtu wa Kariakoo: pedi mbili na adapta, ziwekwe kwenye basi la usiku.